Presha ya oili imeshuka kwenye trekta kuukuu: pampu ya gia uifungue lini, na uifufue vipi

Msimu wa kulima ukikaribia, kabla masika hayajaanza kumwagika, gereji za Tanga hupokea trekta zilezile zenye lalamiko lilelile. Nyingine zinatoka mashamba ya mkonge ya Muheza na Ngomeni, nyingine zinateremka kutoka Handeni, nyingine kazi yake ni kuvuta tela za mchanga hapahapa mjini. Nyingi zina umri mkubwa kuliko madereva wanaoziendesha. Na karibu kila mwenye trekta anafika na hukumu mkononi: "Fundi, pampu ya oili imekufa, nitafutie nyingine."

Mara nyingi haijafa. Au imechoka kidogo tu na ugonjwa wenyewe uko kwingine. Pampu ya gia haitengenezi presha, inasukuma oili basi. Gia mbili zinazungukiana ndani ya bodi. Kila upenyo kati ya jino na jino unabeba oili kutoka upande wa kuvuta na kuipitisha kando kando ya ukuta wa bodi, si katikati baina ya gia kama wengi wanavyodhani. Meno yanapokutana tena, oili inakosa pa kukaa na kulazimika kutoka. Presha inazaliwa mbele ya safari, pale oili inapobanwa kwenye nafasi nyembamba za metali za kranki (beringi ambamo kranki, shafti kuu ya injini, inazungukia), bushi za kemshafti na roka zinazofungua vali. Nafasi hizo zikitanuka, utafunga pampu mpya ya dukani na sindano isinyanyuke. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kwenye injini, pakacha likivuja anayeumia ni kranki.

Ndiyo maana huu mwongozo unaanzia mbali na pampu na kuifikia mwishoni.

Neno moja kuhusu aina. MTZ, yaani trekta za Belarus, zenye injini ya D-240 zina pampu ya gia hasa. Massey Ferguson 135 yenye Perkins ya silinda tatu ina pampu ya rota, yaani rota ndogo inayozunguka ndani ya pete yenye mabonde. Dalili ni zilezile, na kazi ya kusawazisha kava ni ileile. Kinachobadilika ni mahali pa kuingiza fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Jua uliyonayo kabla hujatuma hela ya spea Dar es Salaam.

Kabla ya dalili yoyote: pima kwa geji ya mkono

Geji ya dashibodi ya miaka ya 1960 au 1970 usiifanye shahidi pekee. Zile zenye bomba jembamba la shaba linalopeleka oili hadi kwenye geji, bomba likibonyea au kuziba kwa uchafu, sindano inalala wakati injini ni nzima. Zile za taa zina swichi ya umeme: waya ukichubuka na kugusa bodi ya injini, taa inawaka bila sababu. Hapa pwani kuna lililo baya zaidi, nalo ni chumvi. Kituo cha waya kikiliwa na kutu, taa haiwaki kabisa, hata siku ambayo ilipaswa kuwaka. Ukiwasha swichi ya funguo kabla ya kupiga stata, taa ya oili lazima ionekane. Isipoonekana, tengeneza hiyo kwanza.

Kisha fungua swichi ya presha kwenye bloku, funga geji ya mkono yenye kipimo cha 0 hadi 7 bar. Bar moja ni kama psi 14.5. Angalia uzi wa tundu kabla ya kulazimisha, maana injini za Kiingereza za zamani zina nyuzi za inchi na bloku likishapasuliwa uzi hapo umeongeza tatizo la pili. Andika namba nne: injini baridi kwenye sailensa (mwendo wa chini bila kukanyaga mafuta), baridi ukipiga resi, halafu hizohizo mbili baada ya trekta kufanya kazi nusu saa.

Kwa Perkins ya silinda tatu, presha ya kawaida injini ikiwa ya moto na ikiwa kwenye mwendo wa kazi ni psi 30 hadi 60. Kwa D-240 ni bar 2 hadi 3, na kwenye sailensa isishuke chini ya 0.8. Kama kitabu cha trekta yako kilishaliwa na mchwa, mafundi wa injini kuukuu hukadiria psi 10 kwa kila mizunguko 1000 kwa dakika. Ni kadirio tu, lakini linatosha kukuambia kama ulale au usilale.

Zisome hizo namba hivi. Presha nzuri asubuhi inayoporomoka injini ikipata moto: shuku oili nyepesi au metali zilizolika. Presha duni baridi na moto: shuku pampu, rilifu vali (vali ya kupunguza presha ikizidi) au chujio la sampu (karai la oili chini ya injini). Presha inayofika mahali ikagoma kupanda hata ukipiga resi: nenda moja kwa moja kwenye rilifu vali.

Dalili: asubuhi sawa, mchana taa inawaka

Hii ndiyo inayoletwa zaidi.

"Shikamoo fundi. Taa ilianza kuwaka toka Pongwe."
"Marahaba. Na ukaendelea kuja nayo?"
"Ilikuwa inawaka kidogokidogo tu, nikikanyaga mafuta inazima."

Hiyo "kidogokidogo" ndiyo inayomaliza kranki. Taa nyingi huwaka presha ikiwa imeshashuka chini kabisa, karibu na nusu bar, kwa hiyo ikianza kupepesa kwenye sailensa ujue upungufu ulianza zamani.

Anza na oili yenyewe. Chomoa kijiti cha kupimia. Kiwango kikiwa kimepungua, ongeza na upime tena. Kiwango kikiwa kimepanda chenyewe, hapo usifurahi: kuna kitu kinaingia. Dondosha tone kwenye karatasi ya gazeti na uliache. Oili safi hutanda pole pole kwa duara moja. Yenye dizeli huacha kiini cheusi na pete angavu ya mafuta inayokimbia mbali. Inuse pia. Dizeli huingia kupitia diaframu iliyopasuka ya pampu ndogo ya kuvuta mafuta iliyofungwa ubavuni mwa bloku, au sili ya shafti ya pampu ya nozeli, au nozeli inayomwaga badala ya kupuliza. Ziba mlango huo kwanza ndipo ubadilishe oili, vinginevyo utakuwa unamwaga hela. Oili ikiwa nyeupe kama uji, ni maji, na trekta isiwashwe tena mpaka ijulikane yanapitia wapi.

Kuhusu ipi ya kuweka: kwa joto la Tanga mjini, Muheza na Korogwe, SAE 40 ya dizeli au 15W-40 zinafaa. Kama trekta inafanya kazi Lushoto ambako asubuhi kuna ubaridi wa kweli, 15W-40 ni salama zaidi. Nunua chombo kilichofungwa, kizibo hakijaguswa. Oili ya kupimiwa kutoka pipa lisilojulikana haina mtu wa kumuuliza.

Kuna wanaochanganya oili ya giaboksi kwenye injini ili sindano ipande. Itapanda, kweli. Lakini asubuhi oili nzito inachelewa kufika kwenye roka na kemshafti, na injini inasagika ukiwa unatazama geji nzuri. Mimi naihesabu kuwa dawa ya mtu anayetaka kuuza trekta kesho.

Baada ya oili, rilifu vali. Ni kidonge au pistoni ndogo yenye springi, na kazi yake ni kurudisha oili kwenye sampu presha ikizidi. Chembe moja ya kaboni ikikaa chini yake, oili inarudi sampu saa zote. Kwenye injini nyingine imo ndani ya pampu, kwenye nyingine ina nati yake ya nje. Ikiwa ya nje, ifungue, isafishe kwa mafuta ya taa, tazama kiti chake kama kina mkwaruzo, na springi kama imechakaa upande mmoja. Pistoni iteleze kwa uzito wake yenyewe. Usiinyooshe springi kwa kuivuta. Inarudi ilikotoka ndani ya siku chache.

Hapo ndipo tunafika kwenye metali za kranki. Dalili yake ni sauti nzito ya ko-ko-ko ukiachia resi ghafla, pamoja na vipande vyembamba vinavyong'aa kwenye oili. Kuna kipimo kizuri cha kutenganisha metali na pampu, nacho hakihitaji mashine ya bei. Chukua bomba jipya la mgongoni la kupulizia dawa, lile la shambani, ambalo halijawahi kuguswa na dawa. Lijaze oili nyembamba ya injini, unganisha mpira wake kwenye tundu la swichi ya presha, na sampu ikiwa imeshashushwa piga mkono mpaka oili iingie. Kisha lala chini utazame. Metali nzima inadondosha matone. Iliyolika inamwaga mkondo, na utaona ni ya ngapi. Kama metali zote zinadondosha vizuri na bado geji ilikuwa inasoma chini, sasa una haki ya kuishtaki pampu.

SIMAMA: ukisikia ko-ko-ko ya chini, zima na uache trekta ivutwe. Kupima kranki kwa mikromita, kuisaga na kuchagua saizi ya metali ni kazi ya karakana yenye mashine na mtu anayejua kuisoma. Metali mpya juu ya kranki iliyokuwa yai haimalizi msimu, inanoki, yaani inaanza kugonga.

Dalili: hakuna presha kabisa baada ya kuwasha

Hesabu moja mpaka kumi. Sindano isiponyanyuka, zima. Usipige resi "kuisaidia".

Kama trekta ilitoka tu kubadilishwa oili, sababu ya kwanza ni filta. Raba ya filta ya zamani hung'ang'ania kwenye kiti chake, fundi anafunga nyingine juu yake, na oili inamwagika. Ya pili ni pampu iliyokauka. Trekta iliyokaa miezi bila kuwashwa, au iliyotoka kufunguliwa pampu, gia zake zinazunguka kwenye hewa tupu na hazina nguvu ya kuvuta oili. Toa swichi ya presha, sukuma oili kwa bomba lile la mgongoni mpaka ijae, kisha vuta stopu ili isiwake na uzungushe kwa stata sekunde 10, pumzisha, rudia. Fungua kava la roka utazame juu: oili lazima ianze kutiririka kwenye roka, ingawa kwenye injini nyingine inachukua muda kwa sababu huko hulishwa kwa vipindi.

Mwenye MTZ ana msaidizi wa bure. Filta ya D-240 ni ya kuzunguka kwa nguvu ya oili yenyewe. Ukizima injini ya moto, sikiliza mvumo wake unaoendelea kwa nusu dakika hadi dakika nzima. Ukikosekana, aidha presha ni duni au rota ya filta imejaa matope.

Kama hayo yote ni sawa, tatizo liko ndani ya sampu: chujio limezibwa, bomba la kuvuta limelegea, au pini inayofunga gia ya pampu kwenye shafti imekatika. Chujio lililozibwa nalijua kabla sijaliona, kwa sababu nje ya injini ile kila maungio yamepakwa silikoni nyekundu au ya bluu. Inayobinyika nje unaiona. Inayobinyika ndani inakatika, inaogelea, na inaishia kwenye wavu wa chujio.

SIMAMA: kwenye trekta nyingi za zamani sampu ni chuma cha kumimina na ndiyo inayoshikilia mhimili wa mbele. Hakuna kushusha sampu kabla ya kuibeba injini kwa stendi imara na kuzuia magurudumu. Jeki peke yake haitoshi, na udongo wa mchanga wa huku haubebi jeki bila ubao mpana chini yake. Kama huna stendi na mtu wa pili, usianze.

Dalili: sindano inacheza, inapanda na kushuka

Mara nyingi oili ni pungufu, na inaonekana zaidi kwenye mteremko au ukikata kona na tela. Ikiwa kiwango ni sawa, bomba la kuvuta lina ufa au gasketi yake imekaa vibaya, linavuta hewa pamoja na oili. Ufa wa namna hii hauonekani kwa macho: ziba mdomo mmoja, zamisha bomba kwenye ndoo ya maji, puliza upande wa pili utafute mapovu. Mara chache ni rilifu vali inayokwama na kuachia.

Dalili: presha iko juu mno, filta inavimba, sili zinavuja

Watu huiona hii kama baraka. Siyo. Rilifu vali imekwama ikiwa imefungwa, au kuna fundi aliyewahi kuweka washa chini ya springi ili sindano ipendeze. Hesabu washa unazozikuta. Oili nzito asubuhi nayo hupandisha kwa dakika chache, na hiyo inapita. Lakini presha inayobaki juu injini ikiwa ya moto inapasua raba ya filta, na oili yote inaweza kumwagika barabarani kabla dereva hajatazama nyuma. Kuna lingine la kukumbuka: oili ikiziba njiani kabla ya kufika kwenye metali, geji iliyofungwa karibu na pampu inasoma juu huku kranki ina kiu.

Dalili: mlio mkali unaofuata resi, au vumbi la chuma kwenye oili

Pampu iliyolika hulia kwa sauti nyembamba inayopanda na mwendo wa injini. Metali hulia nzito. Chukua bisibisi ndefu, gusisha ncha karibu na ilipo pampu, mpini sikioni, na mkono mbali na feni. Ukimwaga oili, pitisha sumaku. Vinavyoshikwa ni vya gia, shafti au ringi. Vinavyokataa sumaku na kung'aa ni vya metali, bushi au pistoni. Unga mwembamba wa kijivu kwenye trekta ya umri huu ni kawaida. Kipande unachoweza kukishika kwa vidole si kawaida.

Sasa fungua pampu

Kwenye D-240 na Perkins ya silinda tatu pampu imefungwa kwenye kepu ya metali ya kwanza ya kranki, mbele ya injini. Tazama bolti unazozigusa: nyingine ni za pampu, nyingine ni za kepu yenyewe, na hizo za kepu zikifunguliwa zinarudi kwa tokwenchi (spana inayopima ukazaji) kwa kipimo cha kitabu, si kwa nguvu za mkono.

Osha pampu kwa mafuta ya taa, ikaushe, na ufutie kwa kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa. Pamba na matambara ya nyuzinyuzi yaache. Fungua kava. Kabla hujatoa gia, weka alama kwa kalamu ya wino kwenye meno mawili yanayokutana na kwenye uso wa juu wa kila gia. Gia zimezoeana, zirudi kama zilivyokuwa.

Pima mambo matatu. Namba hizi ni za pampu nyingi za ukubwa huu, na kitabu cha injini yako kikisema vingine, kifuate.

Nafasi ya juu, kati ya uso wa gia na kava. Laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya bodi, ingiza fila geji chini yake juu ya gia. 0.03 hadi 0.10 mm ni nzuri. Ikipita 0.15 mm, kuna kazi.

Nafasi ya ukuta, kati ya ncha ya jino na bodi. 0.05 hadi 0.15 mm ni sawa. Pima upande wa kuvuta hasa, kwa sababu presha ya upande wa kutoa husukuma gia kuelekea upande wa kuvuta, na ukuta huo ndio unaolika. Utaona mwezi mwembamba unaong'aa. Ukipitisha ukucha ukakwama ukingoni, au fila ya 0.20 mm ikaingia, bodi hiyo imemaliza kazi.

Nafasi ya meno kwa meno. Ikizidi 0.4 mm, gia zimechoka. Angalia pia kama meno yana vishimo kama vya ndui.

Katika hizo tatu, ya juu ndiyo inayoiba presha kuliko zote, na ndiyo unayoweza kuirekebisha ukiwa chini ya mwembe. Sababu ni hesabu: oili inayovuja kwenye upenyo mwembamba huongezeka kwa mchemraba wa nafasi. Nafasi ikiwa mara mbili, uvujaji ni mara nane.

Kava lililolika lina miduara miwili iliyochorwa na gia. Chukua kipande cha kioo kinene cha dirisha, kiweke juu ya meza iliyonyooka, juu yake msasa wa maji namba 400, mwagia mafuta ya taa. Laza kava, shika kwa vidole vitatu katikati, na lisogeze kwa mwendo wa namba nane bila kukandamiza upande mmoja. Kila baada ya mizunguko michache ligeuze robo. Miduara itapungua, itabaki kivuli, kisha itapotea. Malizia kwa namba 600. Kama mikwaruzo imeingia zaidi ya 0.1 mm, usijichoshe. Peleka kwa mwenye mashine ya kusaga nyuso.

Angalizo: makava mengine yana kijifereji kifupi karibu na pale meno yanapokutana. Kimewekwa makusudi ili oili inayonaswa kati ya meno ipate pa kutokea. Ukikisaga kikapotea, pampu italia na shafti itasukumwa pembeni. Pima kina chake kabla hujaanza.

Kava likishanyooka, pima tena nafasi ya juu. Bado ni kubwa? Basi gia zenyewe zimepungua kimo, na utapunguza uso wa bodi kwa kioo na msasa uleule, gia zikiwa nje. Nenda pole pole: saga kidogo, osha, rudisha gia, pima. Ukipitiliza, gia zitagusa kava na kukwama, na hapo utalazimika kusaga gia pia.

Kisha gasketi. Hapa kazi nzuri huharibika kwa shilingi mia tano. Pampu nyingi hazina gasketi kabisa kwenye kava, chuma kwa chuma. Nyingine zina karatasi nyembamba iliyohesabiwa kuwa sehemu ya nafasi. Mtu anakata manila, anafunga. Manila ina unene wa kama 0.2 mm. Nafasi yako ya 0.08 imekuwa 0.28, na uvujaji umepanda zaidi ya mara 40. Umesaga kava mchana kutwa kisha ukalitenga na gia kwa kipande cha karatasi. Silikoni nayo isikaribie pampu hata kidogo.

SIMAMA: bushi ya shafti ikilegea hadi gia inachezacheza kwa mkono, au shafti ina mfereji, peleka kwa fundi kereza. Bushi mpya inatoboka sawasawa na tundu la gia ya pili au haifai, na lazima iwe ya shaba ya beringi, si kipande cha bomba la maji. Gia zilizolika meno usikubali zijazwe kwa kuchomelea. Kipande kimoja kikibanduka kitapita kwenye pampu na kung'oa kila kilicho mbele yake. Bodi iliyolika ukuta haitengenezeki kwa uchumi unaoeleweka. Tafuta pampu nzima, na hata iliyotumika ifungue uipime vilevile kabla ya kulipa.

Kabla ya kuirudisha kwenye injini, izamishe kwenye karai la oili, izungushe kwa drili polepole kwa mwelekeo wake sahihi, na weka dole gumba kwenye tundu la kutolea. Pampu nzuri inakusukuma kidole kwa nguvu na oili inachuruzika pembeni. Vaa miwani. Kisha jaza nafasi kati ya meno kwa vaselini safi. Itashika mvuto siku ya kwanza na kuyeyukia kwenye oili. Grisi ya beringi usitumie, haiyeyuki vizuri na huziba chujio.

Kuwasha mara ya kwanza

Chujio na sampu vioshwe mpaka chini, filta mpya, oili mpya, na filta uijaze kabla ya kuifunga kama inakaa wima. Geji ya mkono ibaki imefungwa. Vuta stopu, zungusha kwa stata kwa vipindi mpaka sindano inyanyuke, ndipo uachie iwake. Iache kwenye sailensa, tazama chini kama kuna tone, kisha pandisha resi taratibu. Ikipata moto, andika tena zile namba nne kando ya za mwanzo.

Oili hiyo ya kwanza imwage mapema, baada ya saa kumi hivi za kazi, pamoja na filta. Pasua filta uitandaze karatasi yake juani na upitishe sumaku. Namba za geji ziandike kwa rangi ndani ya kava la betri, ili dereva atakayefuata ajue presha ya trekta hii ikiwa nzima ni ngapi.